Picha ya Kijani Iliyokaa Ukutani Miezi Saba

Alhamisi. Oktoba inaelekea ukingoni na mvua bado inatuzungusha. Tangu saa nane mchana mawingu yalijikusanya upande wa Ilembo, yakanguruma kidogo, halafu yakaondoka kama mgeni aliyekosea nyumba. Nimekaa kibarazani kwangu hapa Kawajense, Mpanda. Adhana ya magharibi bado, chai imepoa, na naandika kwa simu kwa vidole viwili kama kawaida yangu.

Leo nimemwonea mtu wivu kwa sababu ya kuku.

Siyo nyumba, siyo mume, siyo cheo. Kuku. Mtetea mwekundu aliyefungwa miguu kwa utepe wa kitenge, aliyetoka Usevya kwa basi la asubuhi, akapitishwa mbele ya meza yangu na kukabidhiwa mtu mwingine.

Shajara hii ya mtandaoni inanijua, kwa hiyo sitajipamba. Kwa wewe uliyefika hapa mara ya kwanza, niite Mama Ramla. Majina mengine pia nimeyabadilisha. Mimi ni muuguzi wa macho katika kliniki moja ya hapa mjini na nina miaka kumi na saba kwenye kazi hii. Nilianza na tochi na kamera ya zamani iliyokuwa ikigoma kila umeme ukicheza, sasa nipo kwenye mashine ya OCT. Hiyo inapiga picha ya retina, ule utando ulio nyuma kabisa ya jicho unaopokea tunachokiona. Na haipigi juu juu. Inaonyesha mpaka ndani, tabaka kwa tabaka, kama kitunguu ulichokikata ukakitazama ubavuni. Wagonjwa wetu wanaiita eksirei ya jicho.

Tunaihitaji kwa sababu ya kisukari zaidi ya kitu kingine. Kisukari kikizoea mwili, kinavujisha maji kwenye retina na katikati panavimba. Dawa yake ni sindano ndani ya jicho, moja kila mwezi. Sasa utajuaje kama dawa inafanya kazi? Unapiga picha kabla, unapiga picha baada. Mashine inachora ramani: palipovimba pekundu, palipo salama kijani. Daktari wetu bingwa hakai Mpanda. Anakuja mara moja kwa mwezi, siku ya Ijumaa, na Alhamisi tunamtumia picha ili afike akiwa ameshaamua. Picha ikisema tuendelee, tunaendelea. Picha ikisema inatosha, tunaacha.

Mpiga picha nilikuwa mimi. Peke yangu, kwa mwaka mzima na ushee.

Halafu mwezi wa sita akaja Kabula.

Kabula ana miaka ishirini na sita. Ametoka chuo na cheti chake ni cha mambo haya haya ya picha za macho, wakati mimi nilifundishwa wiki moja na kijana aliyeleta mashine, naye alikuwa na haraka ya kuondoka. Ni Msukuma wa huku huku, ng'ombe wa baba yake wanachungwa upande wa Mpimbwe. Ni mrefu, ana mwandiko mzuri, na ananiamkia kila asubuhi "shikamoo mama" kwa kupiga goti kidogo, goti ambalo hakuna aliyemwomba.

Nilitamani awe na kiburi. Ningepumua. Mtu mwenye kiburi unamchukia ukiwa na amani ya moyo.

Nitakiri jingine. Tuna kundi la WhatsApp la kliniki ambako tunamrushia Dokta ile ramani ya rangi ya kila picha. Nikituma mimi, anajibu "Imepokelewa." Akituma Kabula, anajibu "Safi sana Kabula." Nimerudi nyuma kwenye lile kundi, mtu mzima mimi, nikatafuta kama kuna siku hata moja niliwahi kuambiwa safi sana. Nikakuta ipo, ya mwezi wa tatu, kabla Kabula hajafika. Nilipiga screenshot nikaihifadhi.

Hata nyumbani sikusalimika. Baba Ramla, mume wangu mwenye duka la vitenge pale sokoni, alikuja kupima macho mwezi uliopita nikiwa na foleni. Kabula ndiye aliyempiga picha. Jioni, mezani, akasema, "Yule binti ana mkono mwepesi. Hakunivunja shingo." Nilimwondolea bakuli la mchuzi kabla hajamaliza.

Ile "safi sana" yangu ya mwezi wa tatu ilikuwa ya picha ya Mama Shija.

Mama Shija ni mkulima wa mpunga wa Usevya. Jicho la kushoto alilipoteza utotoni kwa mwiba. La kulia, ambalo ndilo pekee, likavamiwa na kisukari. Mwaka jana nilipompiga picha ya kwanza ramani ilikuwa nyekundu katikati kama kaa la moto. Dokta akamchoma sindano tatu, mwezi kwa mwezi. Mwezi wa tatu mwaka huu nikampiga picha ya kupima matokeo, na ikatoka kijani. Kijani kitupu, ukingo hadi ukingo. Dokta akaandika, "Imekauka. Tusimamishe sindano, tumwangalie. Safi sana Mama Ramla."

Nilimwambia mwenyewe kwa mdomo wangu: "Mama, picha inasema umepona. Sasa unaona." Akaniombea dua. Wiki mbili baadaye akaniletea mchele wa Usevya, ule unaonukia hadi kwa jirani.

Nikachapa picha zote mbili, ya kabla na ya baada, nikakata jina pembeni, nikazibandika ukutani juu ya mashine kwa gundi ya karatasi. Kila mgeni aliyeingia nilimwonyesha. Wanafunzi wa uuguzi nao niliwaonyesha. Hivi ndivyo tunavyojua kwamba dawa imefanya kazi, nilikuwa nawaambia.

Kabula alipofika nilimwonyesha pia. Aliitazama ile ya kijani muda mrefu. Na kila siku, akiwa anasubiri mashine iwake, nilimwona akiitazama tena.

Nilidhani ananionea wivu. Nilifurahi mno.

Sasa mwezi wa tisa nilikwenda likizo. Mama Shija akarudi kliniki, anasema haoni vizuri. Kabula akampiga picha, ikatoka nyekundu. Dokta akasema ugonjwa umerudi, apigwe nyingine mwezi huu ndipo aamue. Niliporudi likizo nikalikuta hilo, na kitu cha kwanza kilichonijia kichwani hakikuwa jicho la Mama Shija. Nilifikiria kijani changu. Binti ameniharibia kijani changu.

Wiki ileile, Ijumaa ya Dokta ya mwezi huo ikiwa bado, Kabula aliniambia, "Mama, naomba siku moja tukae tuliangalie pamoja faili la Mama Shija." Nikamwambia nina kazi. Wiki iliyopita akaniomba tena. Nikamwambia faili lile nalijua tangu yeye akiwa chuo.

Tufike leo.

Asubuhi Dokta aliandika kwenye kundi: kama picha ya leo ya Mama Shija bado ni nyekundu, basi dawa hii imemshinda. Ilikausha, ugonjwa ukarudi, kwa hiyo haishiki. Kesho atamwandikia rufaa ya Mbeya akabadilishiwe dawa, maana hiyo nyingine hapa hatuna.

Saa tatu Mama Shija akafika, kuku kwapani. Nilisimama kumpokea. Akanisalimia vizuri, akauliza habari za nyumbani, halafu akauliza, "Binti yupo?" Kabula akatokea mlangoni na ile salamu yake ya "mwangaluka, mayu", wakaanza kuongea Kisukuma, wakacheka. Mama Shija akamkabidhi kuku kwa mikono miwili. Akasema, na hilo alilisema kwa Kiswahili nafikiri ili nisijisikie nimetengwa, "Leo anipige picha huyu. Huyu ananingoja."

Nikarudi kukaa. Nikaandika namba ya kadi yake kwa kukandamiza kalamu hadi karatasi ikatoboka.

Kutoka mezani kwangu nilikuwa nawaona. Kabula hakumwambia "angalia taa ya kijani" kama ninavyosema mimi. Alimkalisha, akamwekea kidevu sawa, akamshika mkono na kumsimamishia kidole gumba chake mwenyewe, cha Mama Shija, usawa wa lenzi ya mashine. Akamwambia elekeza jicho pale kidole chako kilipo, hata kama hukioni. Mtu anajua kidole chake kilipo hata gizani. Wakasubiri. Wakarudia mara tatu, hakuna aliyemharakisha mwenzie. Mimi nikajisemea moyoni, mbwembwe za chuo hizo.

Picha ikatoka nyekundu.

Nilipompelekea Mama Shija habari ya Mbeya pale kwenye benchi, alisema, "Mbeya siendi, mwanangu. Nina jicho hili moja. Nikifika kule likifungwa bandeji, nani atanionyesha njia? Kama ni Mbeya, basi niacheni nilivyo." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekataa sukari ya pili kwenye chai. Nimefanya kazi hii miaka mingi na najua akisema hivyo mtu wa namna ile, haendi.

Kabula akanijia kwa mara ya tatu. "Mama, kabla hatujatuma, naomba tuliangalie lile faili."

Nikamwambia, "Kabula, nenda kale."

Akaenda kula. Nikabaki peke yangu chumba cha picha, na yule kuku amelazwa chini ya sinki kwenye boksi la glavu, ananitazama kwa jicho moja. Nikafungua faili la Mama Shija. Sitaficha nilichokuwa natafuta. Nilikuwa natafuta kosa la Kabula. Kama picha yangu ilikuwa kijani na zake mbili ni nyekundu, mmoja wetu hajui kupiga picha, na mimi nilikuwa nimeshaamua ni nani. Nilikuwa hadi nimetunga sentensi ya kuandika kwenye kundi, ya upole, yenye miiba ndani.

Sasa nieleze kitu kimoja, kifupi. Katikati ya retina kuna kishimo kidogo. Sisi tunakiita bonde. Pale ndipo unaposomea, unapotunga uzi kwenye sindano, unapotambua sura ya mtoto wako. Picha ya kupima dawa lazima ikate pale pale. Jicho lenye afya utaliona bonde, laini, limebonyea. Likivimba, bonde linafutika na panainuka kilima. Likikauka, bonde linarudi. Hata mwanafunzi wa wiki moja anajua, na mimi ndiye mwanafunzi wa wiki moja.

Nikafungua picha ya Kabula ya mwezi wa tisa. Kilima, katikati kabisa. Nikafungua ya leo. Kilima, mahali pale pale. Imepigwa vizuri hata adui angekubali.

Nikafungua yangu ya mwezi wa tatu.

Hakukuwa na kilima. Hakukuwa na bonde pia.

Ilikuwa bapa. Tambarare, kama mbuga ya Katavi kiangazi. Nikasogeza macho kwenye skrini. Nikatazama ile picha ndogo ya pembeni inayoonyesha mahali mashine ilipokata, nikafuata mishipa ya damu kwa kidole. Sikuwa nimekata katikati. Nilikata juu, pembeni, mahali ambapo retina haikuwa imevimba tangu mwanzo. Mashine haikudanganya. Niliielekeza kwenye shamba la jirani, ikaniambia shamba hili halina magugu.

Miezi saba imekaa ukutani.

Siku ile naikumbuka sasa, ingawa sikutaka. Foleni ilikuwa imefika hadi nje, umeme ulikuwa umekatika mara mbili. Nilimwambia Mama Shija, "Angalia taa ya kijani." Nikamuuliza, "Unaiona?" Akasema, "Naiona." Angeionaje? Jicho lenyewe ndilo lililokuwa limevimba pale pa kuonea. Lakini huku kwetu mgonjwa hamwambii muuguzi hapana. Ukimuuliza umeelewa, ameelewa. Ukimuuliza inauma, haiumi. Nimezaliwa huku, nalijua hilo kuliko mtu yeyote aliyetoka chuo, na bado nilichukua ile "naiona" nikabonyeza kitufe.

Kwa hiyo hakuna aliyewahi kuona kama dawa ilimkausha Mama Shija au haikumkausha. Kilichojulikana ni kwamba tuliiacha. Na kesho Dokta angeandika kwamba dawa imeshindwa, amtume Mbeya asikokwenda, na jicho la mwisho lingezimika Usevya polepole kwa sababu ya kijani changu.

Sasa sikiliza nilichofanya, maana hapa ndipo ninapojiona vizuri zaidi.

Kwenye ile mashine, neno la siri la kufuta picha ninalo mimi peke yangu. Ukifuta, haulizwi mtu. Ningefuta ya mwezi wa tatu, nikasema faili liliharibika umeme ulipokatika, hata ile ramani niliyoituma isiaminiwe. Dokta angebaki bila picha ya kati, angerudia sindano zile zile, Mama Shija angetibiwa. Nani angeumia? Niliandika neno la siri. Likatokea swali, una uhakika? Kidole kikawa juu ya kitufe, na kilichokuwa kinanisukuma hakikuwa woga wa kufukuzwa kazi. Nilikuwa nasema: Kabula asijue.

Marehemu mama yangu alikuwa na msemo mmoja aliouweka akiba kwa ajili yangu, nyani haoni kundule. Leo nimeliona, kwenye skrini kubwa, na rangi zake.

Kilichonizuia si ucha Mungu. Ningependa kuandika hivyo. Ni kwamba niliinua macho nikaiona ile karatasi ukutani, nikakumbuka jinsi Kabula alivyokuwa anaitazama kila asubuhi. Alikuwa anajua. Ningefuta kwenye mashine, nisingeweza kufuta kichwani mwake.

Nikabonyeza hapana. Nikabandua karatasi. Gundi ikatoka na rangi ya ukuta, vipande vinne vyeupe.

Kabula aliporudi alinikuta nimeishika. Hakujifanya kushangaa. Alisimama karibu na sinki akasema kwa sauti ya chini, "Mwanzoni nilidhani ni ya kufundishia tu, mama, maana haina jina. Mwezi wa tisa nilipofungua faili lake ndiyo nikaijua. Nikasema nisubiri tuwe wawili. Mtu mzima haambiwi mbele za watu."

Mara tatu aliniomba tuwe wawili.

Nilitaka kumwambia asante. Nilichosema ni, "Ungesema tu." Akanijibu, "Samahani, mama." Yeye ndiye aliyeomba samahani. Hebu fikiria kuishi na mtu wa namna hiyo ofisi moja.

Nikampigia Dokta, Kabula akiwa palepale, kwa sababu nilijua nikimtoa nje nitapunguza maneno. Nikamwambia picha ya mwezi wa tatu ni yangu na haikukata katikati, isihesabiwe, hatuna ushahidi kwamba dawa ilikausha wala kwamba ilishindwa. Nilisikia pikipiki zikipita upande wake wa simu. Halafu akasema, "Basi hakuna rufaa kwanza. Kesho tunaanza sindano ile ile. Lakini miezi saba ni mingi, Mama Ramla. Sijui ni kiasi gani cha kuona kitarudi." Nikasema nimeelewa. Akasema, "Asante kwa kusema." Nikaanza kupumua.

Kisha akasema, "Kabula yupo hapo? Mpe simu."

Nikampa. Nikasimama pembeni ya kuku nikimsikiliza Kabula akisema ndiyo Dokta, sawa Dokta, na nikajikuta nahesabu dakika anazopewa. Nilidhani ukweli ukishasemwa wivu unatoka mlangoni. Haukuondoka. Ulikaa.

Ikabaki kumwambia mwenye jicho.

Mama Shija alikuwa bado kwenye benchi la nje, ameinamisha kichwa na khanga usoni, maana dawa ya kupanua mboni ilikuwa haijamtoka na jua lilikuwa linamchoma. Usiku anakwenda kulala kwa mdogo wake Ilembo hadi kesho. Nikakaa karibu yake. Kabula aliuliza kama aje kutafsiri nikamwambia hapana, hili nitalisema kwa Kiswahili changu.

Nikamwambia Mbeya haendi, kesho anachomwa hapa hapa. Akashukuru. Nikamwambia bado sijamaliza. Nikamwambia kwamba picha ya mwezi wa tatu niliipiga pembeni, si pale pa kuonea, na kwamba siku niliyomwambia amepona nilikosea.

Akauliza, "Kwa hiyo siku ile nilikuwa sijapona?"

"Hapana, mama. Au hatujui. Lakini mimi sikuwa na haki ya kukwambia umepona."

Akafunua khanga kidogo. Mboni ilikuwa imepanuka, nyeusi tupu, nadhani hakuwa anaona ila umbo langu.

"Mimi nilijua," akasema. "Nilikuwa sioni. Nachambua mchele, wajukuu wanakuta mawe. Lakini wewe ulisema picha inasema naona. Nikasema basi, jicho langu ndiyo linadanganya."

Nikamrudishia khanga usoni, jua lisimchome.

Baadaye kidogo akaniuliza kama ule mchele aliouleta ulikuwa mzuri. Nikasema ulikuwa mzuri. Akasema aliuchambua mwenyewe, ndiyo maana anauliza. Na mimi nikakumbuka kwamba siku ile Baba Ramla alikutana na jiwe, akalitema, akasema mpunga wa siku hizi haupepetwi. Niliupika mwezi mzima ule mchele. Nilikuwa nakula jibu, na jiwe lake ndani, sikulisoma.

Alipoinuka nilimshika mkono hadi getini. Akasema, bila kunitazama, "Picha nyingine anipige binti."

Nikasema, "Ndiyo, mama." Nimeandika hivyo kwenye kadi yake, juu kabisa, kwa mwandiko wangu mbaya.

Wakati wa kufunga, Kabula alimtoa kuku chini ya sinki, akasema, "Mama, huyu nampika Jumapili. Njoo na Baba Ramla." Nikaangalia kama kuna dharau mahali. Hakuna. Nimekubali. Najua tayari kwamba atakuwa amempika vizuri, na kwamba mume wangu atasema.

Nimekaa hapa naandika na sijaona sentensi ya kunitoa. Ninaye binti wa kuzaa, Ramla, yupo chuo, na nikisikia amefaulu nalia kwa furaha. Huyu wa mwenzangu amefaulu mbele ya macho yangu na nimemlipa kwa kumwambia nenda kale. Kama ningekuwa simwonei wivu, ningekaa naye mwezi wa tisa. Mama Shija angechomwa sindano mwezi ule ule. Mwezi mmoja kwenye jicho moja ni kitu, Dokta hana haja ya kuniambia. Miezi sita ya mwanzo ni ya kosa, na kosa huombewa msamaha. Huu mmoja wa mwisho ni wa wivu peke yake. Huo sijamwambia Mama Shija. Sikuweza.

Adhana hiyo.

Kesho nitafika kabla ya wagonjwa. Nitakaa kwenye kiti cha mgonjwa, niweke kidevu mahali pake, na nitamwambia Kabula anipige picha kama anavyompiga Mama Shija, polepole, aniambie pa kusimamisha kidole gumba. Akiniuliza kama naiona taa ya kijani, na kama siioni, nitasema siioni.

Na Mama Shija akimaliza sindano, nitakaa naye tena kwenye lile benchi, nimwambie na ule mwezi mmoja wa wivu.